Uanze na Jedda au Ten Canoes? Filamu nne za Australia na mpangilio wa kuzitazama

Muulize mtu anayezijua sinema za Australia ni filamu gani iliyotangulia kuwapa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, nafasi za wahusika wakuu. Hatafikiri mara mbili: Jedda, ya mwaka 1955. Hapo yuko sawa. Ushauri unaofuata huwa "basi anza na hiyo", na hapo ndipo mimi naye tunaachana njia.

Niliwahi kuufuata ushauri huo. Tulikuwa watu saba sebuleni, chai ipo, mahamri yapo, nikaiweka Jedda kwa mbwembwe zote za mtu anayejua anachokiweka. Nusu saa haikuisha, mmoja akaniuliza kwa nini yule mchunga ng'ombe amepakwa rangi usoni. Mwingine akauliza kama hii ni Tarzan ya Australia. Sikuwa na la kuwajibu, maana walikuwa na haki. Filamu haikuwa na kosa la kunifanya niifiche kabatini. Kosa lilikuwa langu la mpangilio. Ndiyo maana hapa naziweka nne kando kwa kando: Jedda, Rabbit-Proof Fence ya 2002, Ten Canoes ya 2006 na Samson and Delilah ya 2009.

Sizigawii nyota. Ninachopimia ni kauli ya mwigizaji. Jina analoitwa nani alimpa? Lugha anayozungumza ni ya nani? Nani aliamua ataigiza kama mke wa nani? Ukiziuliza filamu hizi maswali hayo, utaona zinatofautiana kuliko zinavyotofautiana kwa miaka.

Jedda

Charles Chauvel aliiandika pamoja na mkewe Elsa, kisha akaiongoza mwenyewe. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Australia kupigwa kwa rangi, na rangi hiyo iliwatoa jasho. Mikanda ya Gevacolor haikuweza kusafishwa nyumbani. Ilibidi isafirishwe mpaka London. Shehena moja iliteketea katika ajali ya ndege njiani, na sehemu ya mwisho ikabidi ipigwe upya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya filamu ni Northern Territory halisi, kaskazini mwa nchi, ardhi nyekundu na mabonde ya mto Katherine, lakini majabali ya mwisho ni ya Kanangra, milimani magharibi ya Sydney, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Usipoambiwa hutambui. Ukiambiwa, huwezi kuacha kutazama.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama Mwaborijini anafariki akijifungua kwenye ranchi ya ng'ombe. Mke wa mwenye ranchi, Sarah McMann, amefiwa na mtoto wake mchanga, anamchukua yule yatima na kumlea kizungu: viatu, vitabu, piano. Anamkataza kuchanganyika na watu wake. Jedda anapokuwa msichana anatokea Marbuk, mwanamume wa porini, mrefu, asiyemwogopa mtu. Usiku mmoja anaimba kando ya moto, Jedda anavutwa na wimbo, na Marbuk anamchukua kwa nguvu. Joe, chotara anayempenda Jedda, anawafuata kwa nyayo. Watu wa Marbuk nao wanamkataa kwa sababu msichana si wa upande anaoruhusiwa kuoa, na wanamwimbia wimbo wa mauti. Anarukwa na akili, na wote wawili wanaishia chini ya jabali.

Ukisoma muhtasari huo haraka utadhani ni filamu ya kibaguzi na basi. Ni ya kibaguzi, ila si "na basi". Kuna dakika chache ambazo kila mtu anayependa sinema anapaswa kuziona: Jedda anapiga piano sebuleni, macho yanamwangukia vitu vya kienyeji vilivyotundikwa ukutani, na muziki wa kwao unaanza kupanda chini ya ule wa piano mpaka unaumeza. Vidole vinagonga ovyo, msichana anavunjika. Chauvel alitaka tuamini kwamba damu inamwita arudi porini. Leo tunaona mtoto aliyenyimwa kwao. Picha ni ile ile.

Halafu yupo Robert Tudawali. Alikuwa Mtiwi wa kisiwa cha Melville, kaskazini ya Darwin, na kamera haiwezi kumwacha. Chauvel alimwandikia jitu la kutisha, Tudawali akaigiza mtu. Anaposimama kimya unaona heshima yake. Anapocheka unaelewa kwa nini msichana alisogea kwenye moto. Alifariki Darwin mwaka 1967, hajafika miaka arobaini.

Aliyekuwa Jedda aliitwa Rosalie Kunoth. Alizaliwa Utopia, kaskazini-mashariki ya mji wa Alice Springs ulio katikati ya Australia, na alikuwa mwanafunzi katika hosteli ya St Mary's pale mjini Elsa Chauvel alipomwona. Kwenye orodha ya waigizaji hakuandikwa Rosalie. Aliandikwa Ngarla, jina ambalo watengenezaji waliona linasikika vizuri zaidi kwa mtu wa aina yake. Alisimulia baadaye kwamba hakuielewa filamu aliyokuwa ndani yake, na alipoiona imekamilika aliona aibu. Joe, anayesimulia kisa chote, aliigizwa na Mzungu aliyepakwa rangi. Huyo ndiye aliyemshtua mgeni wangu.

Ilionyeshwa kwanza tarehe 3 Januari 1955 katika ukumbi wa Star, Darwin. Ukumbi ule ulikuwa na viti vya Wazungu na viti vya Waaborijini. Usiku huo Tudawali na Kunoth waliruhusiwa kukaa na Wazungu, kwa kuwa sura zao ndizo zilizokuwa kwenye pazia. Mwaka huo huo filamu ilifika tamasha la Cannes. Uingereza waliiuza kwa jina refu zaidi, wakamwongezea Jedda sifa ya "asiyestaarabika". Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Ten Canoes

Mwishoni mwa Jedda, sauti ya msimulizi inatuambia kwamba roho ya msichana sasa inaruka na bata bukini wa mwituni. Ni maneno mazuri, na ni maneno ya mtu asiyewahi kumchinja bata bukini.

Miaka hamsini baadaye bata bukini wale wale wa kaskazini wanarudi kwenye sinema, na safari hii wana mayai. Wanaume kumi wa Kiyolngu, Waaborijini wa Arnhem Land huko kaskazini, wanakwenda kwenye kinamasi cha Arafura kuyakusanya. Wanabandua magome ya miti, wanayakunja juu ya moto, wanashona ncha, na gome linakuwa mtumbwi. Wanasukuma kwa miti mirefu kati ya nyasi zilizozama, wanalala juu ya majukwaa yaliyojengwa mitini ili mamba wasiwafikie. Hakuna roho inayoruka. Kuna kazi, mbu, na mzaha usiokatika kuhusu nani amejamba.

Filamu ilianza na picha moja. Mwanaanthropolojia Donald Thomson alipiga picha nyingi Arnhem Land katika miaka ya 1930, na katika mojawapo wanaume kumi wamesimama kwenye mitumbwi yao kinamasini. David Gulpilil, mwigizaji mashuhuri kuliko wote wa Kiaborijini, alimwonyesha mwongozaji Rolf de Heer picha hiyo. Ile mitumbwi kumi ikawa jina la filamu. De Heer aliongoza akishirikiana na Peter Djigirr wa Ramingining, kijiji ambacho waigizaji wengi wanatoka.

Kwenye suala la nani aigize nani, Ten Canoes inaziacha nyingine zote nyuma. Watu wa Ramingining waliwatambua waliomo kwenye picha za Thomson: huyu babu yangu, yule kaka wa babu yako. Nafasi za wale kumi zikaenda kwa waliokuwa na haki nazo kwa ukoo. Zilipofika zamu za wake, mambo yakawa magumu zaidi. Wayolngu wamegawanyika pande mbili, Dhuwa na Yirritja, na mtu huoa upande wa pili. Huwezi kumweka mwanamke yeyote mwenye sura nzuri awe mke wa yeyote, hata kama ni wa kuigiza tu; lazima awe mtu ambaye mwigizaji yule angeweza kumwoa kweli. Mwongozaji alipokea orodha, hakuitunga. Sasa irudie Jedda kichwani: filamu ambayo kisa chake kizima kinasimama juu ya sheria ya nani amwoe nani, na msichana aliyechukuliwa hosteli akavalishwa jina jipya.

Lugha ni Kiganalbingu na lugha jirani zake. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Australia ambayo mazungumzo yake yote ni ya lugha za Kiaborijini. Gulpilil anasimulia, na katika toleo linalopatikana kwa urahisi anasimulia kwa Kiingereza, pamoja na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Usiyaogope maandishi. Waigizaji hawasemi haraka, na mara nyingi uso umeshakwambia kabla ya sentensi kufika.

Msimulizi huyo ndiye sababu ya mimi kuipendekeza kwa msomaji wa Kiswahili kabla ya nyingine yoyote. Sisi tumelelewa na paukwa na pakawa. Tunajua mtambaji hodari hakimbilii mwisho. Anakuzungusha, anakutania, anakukatisha pale pale moyo unapodunda, anakwambia subiri mti ukue kwanza. Gulpilil anaanza kama hadithi za Wazungu zinavyoanza, hapo zamani katika nchi ya mbali, halafu anaangua kicheko: hapana, mimi sisimulii hivyo, nitakusimulia hadithi yetu. Ndani ya hadithi yake kaka mkubwa anamsimulia mdogo wake hadithi nyingine. Sababu yake ni nzito: mdogo anamtamani mke wa tatu wa kaka yake. Badala ya kugombana, kaka anamtolea kisa cha kale cha mtu mwenye wake watatu na ndugu mwenye tamaa kama yeye, na anakinyoosha siku nzima, mitumbwi inatengenezwa, mayai yanakusanywa, kijana hana subira na kisa hakiishi.

Wakati wa mababu wa picha ya Thomson umepigwa kwa nyeusi na nyeupe. Wakati wa kale kabisa, ule wa ndani ya hadithi, umepigwa kwa rangi. Kwa kawaida sinema hufanya kinyume, ya zamani ndiyo inayopauka. Hapa kilicho hai zaidi ni kile cha mbali zaidi.

Sitakwambia kisa cha ndani kinavyoishia, ila wanaotoka kwenye jamii zinazorithi wajane watacheka kabla ya wenzao. Cannes ya 2006 iliipa tuzo maalumu ya majaji katika kitengo cha Un Certain Regard. Ni dakika tisini tu.

Udhaifu? Ukitaka kujua Waaborijini wanaishije leo, au Wazungu waliwatenda nini, Ten Canoes haina la kukwambia. Hakuna Mzungu hata mmoja ndani yake. Mimi nimeona hilo ni pumziko. Mwenzangu mmoja aliona ni kukwepa, na tulibishana mpaka chai ikapoa.

Rabbit-Proof Fence

Hii ndiyo rahisi kuliko zote kutazama na ndiyo ngumu kuliko zote kuvumilia. Phillip Noyce, aliyekuwa amezoea kutengeneza filamu za Hollywood, alirudi kwao Australia akasimulia kisa cha kweli cha mwaka 1931. Huko Jigalong, Australia Magharibi, mabinti watatu, Molly, mdogo wake Daisy na binamu yao Gracie, wananyakuliwa mikononi mwa mama zao na kupelekwa kambi ya Moore River, kaskazini ya Perth. Kosa lao ni kuwa na baba Wazungu. Serikali ilitaka watoto machotara walelewe mbali na watu weusi, waolewe na weupe, na rangi ipotee kizazi baada ya kizazi. Kuna onyesho ambamo A. O. Neville, ofisa aliyekuwa na cheo cha Mlinzi Mkuu wa Waaborijini, anawaonyesha akina mama wa Kizungu picha za vizazi vitatu ukutani: nyanya, binti, mjukuu, kila mmoja mweupe kuliko aliyemtangulia. Kenneth Branagh anamwigiza bila kupandisha sauti. Anaamini anasaidia.

Molly ana miaka 14. Anajua kwamba ua wa waya uliojengwa kuzuia sungura unapita Jigalong, kwa hiyo ukiupata ua umepata njia ya nyumbani. Wanatoroka na kutembea, kwa hesabu inayotajwa zaidi, takriban kilomita 2,400. Anayewafuata nyayo ni Mwaborijini aliyeajiriwa na kambi, naye ni Gulpilil yule yule, hapa maneno yake ni machache na anasema mengi.

Everlyn Sampi, Tianna Sansbury na Laura Monaghan hawakuwa waigizaji wa kazi. Ni watoto waliotafutwa nchi nzima, na Sampi, aliyeigiza Molly, ana macho yanayomtilia shaka kila mtu mzima anayetokea kwenye fremu. Wanazungumza Kiingereza na lugha ya kwao. Mwongozaji ni Mzungu, ndiyo, lakini kitabu kilichozaa filamu kiliandikwa na Doris Pilkington Garimara, binti wa Molly mwenyewe. Mwishoni kabisa tunawaona Molly na Daisy halisi, vikongwe, wakitembea kwenye ardhi yao. Tunaambiwa Molly alirudishwa Moore River tena akiwa mama, akatoroka tena. Alimbeba mtoto mmoja tu. Aliyebaki kambini alikuwa Doris.

Nimeiweka hapa kwa sababu ndiyo ufunguo wa Jedda. Mwanzoni Sarah McMann anaonekana mama mwema aliyeokota yatima. Baada ya Rabbit-Proof Fence unasikia anachosema: mtoto asijifunze ya kwao, asicheze na wenzake, atakuwa kama sisi. Ni Neville huyo huyo, safari hii amevaa gauni na anampenda mtoto. Filamu moja inatazama kutoka dirishani, nyingine kutoka nje kwenye vumbi. Waaustralia wanawaita watoto hao Vizazi Vilivyoibwa. Waziri mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008, miaka sita baada ya filamu.

Ukinibana niseme kasoro: ni filamu iliyonyooka mno. Wema unajulikana, ubaya unajulikana, muziki wa Peter Gabriel unakwambia ulie wapi. Kwa mtoto wa miaka kumi na mbili hilo ni jambo jema.

Samson and Delilah

Hii usiiweke mbele ya watoto. Na usiiweke baada ya chakula kizito.

Warwick Thornton ni Mkaytetye, Mwaborijini wa Australia ya Kati, mzaliwa wa Alice Springs, mji ule ule ambao Rosalie Kunoth alichukuliwa hosteli. Mama yake, Freda Glynn, ni mmoja wa waanzilishi wa CAAMA, shirika la utangazaji la Waaborijini wa Australia ya Kati, na Thornton alijifunza kamera huko. Hapa mwenye kuandika, kuongoza na kushika kamera ni mtu mmoja, na ni wa hapo. Kutoka St Mary's mpaka hapa ni umbali wa kizazi kimoja na nusu.

Samson anaishi kijijini jangwani, hana kazi, hana shule, anaamka na kopo la petroli puani. Asubuhi kaka yake na bendi wanapiga rege ile ile barazani. Simu ya kijiji inalia na hakuna anayeipokea. Delilah anamtunza bibi yake, mchoraji ambaye picha zake mnunuzi anazichukua kwa senti. Bibi anapofariki, wanawake wanamlaumu mjukuu na kumpiga kwa fimbo, na vijana wawili wanakimbilia mjini kwa gari la wizi. Huko wanalala chini ya daraja. Siku moja Delilah anaona picha ya bibi yake kwenye duka la sanaa, na bei iliyobandikwa.

Mtu aliyewahi kupita katikati ya Nairobi usiku na kuona watoto wenye chupa za gundi hatahitaji kuelezewa kopo la Samson. Sisemi visa ni kimoja, ila macho yale ni yale.

Hawasemi karibu chochote. Samson ana kigugumizi, na neno analolitamka katika filamu nzima ni jina lake. Delilah anazungumza Kiwarlpiri na bibi yake, na baada ya hapo ni ishara za mikono, mawe yanayorushwa kama salamu za mapenzi, na ukimya. Rowan McNamara na Marissa Gibson walikuwa hawajawahi kuigiza. Bibi kwenye filamu, Mitjili Napanangka Gibson, alikuwa bibi yake Marissa kweli kweli, na mchoraji kweli kweli. Cannes ya 2009 ilimpa Thornton tuzo ya Caméra d'Or, inayotolewa kwa filamu ya kwanza ya mwongozaji.

Wengi huniambia ni filamu ya huzuni. Mimi naiita filamu ya mapenzi iliyopita katikati ya huzuni bila kusimama. Inaanza na Charley Pride akiimba kuhusu siku yenye jua, nawe unaona kijana anavyoamka. Kicheko na maumivu vimewekwa kwenye fremu moja, na Thornton hakwambii uchague kipi.

Sasa, uweke ipi?

Ukiwa na wazee au watu wapendao hadithi, Ten Canoes, bila kusita. Kuna miili mitupu, kwa hiyo kama sebule yako ina mkwe au shangazi mwenye kuona haya, mwambie mapema. Ni uchi wa watu walio kazini na hauna uchafu wowote, lakini upo.

Ukiwa na watoto wakubwa kidogo au darasa, Rabbit-Proof Fence. Kaa nao kwenye onyesho la kunyakuliwa, linapiga mapema na kwa ghafla.

Ukiwa peke yako, au na mtu mmoja mnayeweza kunyamaza naye, Samson and Delilah. Kuna ukatili dhidi ya Delilah ambao hauonyeshwi wote, na hiyo haiupunguzi.

Asiyetaka uzito wowote wiki hii, namwelekeza The Sapphires ya 2012: mabinti wanne wa Kiaborijini wanaokwenda kuwaimbia wanajeshi wa Marekani Vietnam mwaka 1968. Ni nyimbo za soul, nguo zinazometameta na vicheko. Na aliyemwonja Gulpilil akamtaka zaidi, kuna Walkabout ya 1971, alipoonekana kwa mara ya kwanza akiwa kijana, kisha Charlie's Country ya 2013, alipozeeka na kuigiza kitu kinachokaribiana na maisha yake. Zitazame hizo mbili jioni mbili mfululizo uone miaka arobaini ikipita usoni mwa mtu mmoja.

Jambo la adabu kabla hujabonyeza. Filamu nyingi za Australia za siku hizi huanza na onyo kwamba ndani yake mna sura na sauti za waliofariki. Si urembo. Katika jamii nyingi za Kiaborijini jina la marehemu halitajwi ovyo na picha yake haionyeshwi ovyo, hasa siku za karibu na msiba. Gulpilil alipofariki Novemba 2021 familia yake iliomba atajwe kwa jina la David Dalaithngu, na magazeti yakafuata. Mimi nimewataja kwa majina yao ya kwenye pazia.

Na Jedda? Jedda iwekwe ya mwisho. Mpangilio wangu wa sasa ni Ten Canoes Jumamosi ya kwanza, Rabbit-Proof Fence ya pili, Samson and Delilah ya tatu kwa watakaojiweza, kisha Jedda. Nilipoirudia hivyo, mgeni yule yule aliyeniuliza habari za Tarzan alikaa kimya mpaka Marbuk alipotokea, akasema, "Huyu jamaa mngempa filamu yake."

Ikiisha, usizime. Rosalie Kunoth alikuwa mtawa wa Kianglikana Melbourne kwa miaka kumi, akatoka, akaolewa, akawa Kunoth-Monks, akarudi kwao kupigania ardhi na haki mpaka kifo chake mwaka 2022. Mwaka 2014 alikaribishwa kwenye mjadala wa televisheni wa Q&A, na kipande chake bado kiko kwenye intaneti. Ni mama wa miaka 77. Anazungumza polepole. Anasema yeye si tatizo, hakuja kutoka ng'ambo, ana lugha yake na anaizungumza. Na anasema, kuhusu yeye mwenyewe, kwamba ni mtu mwenye ustaarabu.